Bia ya Pipa Hukua kwa Mwenye Baa

Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya watengenezaji wadogo wa bia, wapika mbege, wenye baa na wakulima wa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni, viongozi wa serikali za mitaa mliofika, akina mama wapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kutoka Kibosho, Marangu na Rombo, ndugu zangu wenye baa na vilabu, wakulima wa shayiri, ulezi na ndizi, na ninyi vijana mnaotaka kuanzisha viwanda vidogo vya bia hapa Moshi na kule Arusha: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nieleze jinsi kiwanda kidogo cha bia kinavyokua, na hasa kile kinachotengeneza bia ya pipa kwa mtindo wa Uingereza. Kazi yangu ni bia na naipenda, kwa hiyo nitasema mapema ninachokiamini. Kiwanda cha bia ya pipa hakikui kwa kuongeza matangi. Kinakua kwa kadiri ya wenye baa wanaojua kuitunza bia yake mpaka glasi ya mwisho, na mtaji, mitambo na matangazo huja nyuma ya hilo.

Kanda yetu si ngeni katika shughuli hii. Arusha ina kiwanda cha Kampuni ya Bia Tanzania, Moshi ina kiwanda cha Serengeti, na shayiri imelimwa kwa miaka mingi Kilimanjaro Magharibi na Monduli. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa za kampuni kadhaa, zikiwamo Tanzania Breweries na Kilimanjaro Breweries, na mwaka 1993 Tanzania Breweries ikaingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini. Katika kipindi hicho chote, iwe chini ya umma au chini ya wawekezaji, bia ilifikiriwa kuwa jambo la kiwanda kikubwa, chupa nyingi na malori mengi. Fikra hiyo inafaa kwa laga, ambayo huchachushwa katika ubaridi, hulazwa kwa wiki kadhaa, huchujwa, mara nyingi hupashwa moto ili hamira yote ife, kisha hufungwa ndani ya chupa na kubaki ilivyo kwa miezi. Bia kama hiyo inaweza kutoka Arusha ikauzwa Kigoma, na muuzaji hana la kufanya zaidi ya kuiweka kwenye jokofu na kuifungua.

Bia ya pipa ni kitu kingine kabisa, na naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu asiyeelewa kinachotokea ndani ya pipa hawezi kuelewa biashara yake.

Bia hizi ni za aina ya eli. Huchachushwa katika joto la nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, kwa siku chache tu, kwa hamira ambayo kwa kawaida hupanda juu na kutengeneza povu zito. Kabla sukari haijaisha kabisa, mtengenezaji huhamishia bia ndani ya pipa pamoja na sehemu ya hamira iliyo hai, wakati mwingine akaongeza sukari kidogo, kisha hulifunga. Haichujwi wala haipashwi moto. Ndani ya pipa hamira huendelea na kazi polepole, ikila sukari iliyobaki na kutoa hewa ya ukaa inayoyeyuka ndani ya bia, na hapo ndipo ladha hutulia na ule ukali wa bia changa huondoka. Hewa inayobaki ni kidogo, kama nusu ya ile iliyomo ndani ya laga, ndiyo maana bia hii haichomi ulimi wala haimjazi mtu tumbo, na ladha ya kimea na uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa katika bia, huonekana wazi.

Pipa hilo linapofika baa, bia haijawa tayari. Mwenye baa hulilaza ubavu kwenye kitako imara, katika chumba chenye nyuzi 11 hadi 13, na haligusi tena. Hupiga kijiti cha mti laini kwenye tundu la juu ili hewa iliyozidi ipumue, hutazama povu linavyochemka na kutulia, na linapotulia hubadilisha kijiti kile akaweka kigumu ili hewa iliyobaki isitoroke. Baada ya siku moja au mbili masimbi, yaani mashapo ya hamira, huwa yamezama chini ya tumbo la pipa. Kuna dawa ya kuharakisha uzamaji huo, nayo hutengenezwa kwa kibofu cha hewa cha samaki, kitu kile kile ambacho ndugu zetu wa Mwanza hukikausha na kukiuza kwa jina la mabondo. Kisha hupigiliwa koki kwa nyundo ya mti, bia huonjwa, hutazamwa mbele ya mwanga, na ikiwa safi huanza kuuzwa kwa pampu ya mkono au moja kwa moja kutoka kwenye koki.

Tangu hapo saa inahesabu. Kila glasi inayotoka, hewa ya chumba huingia kujaza nafasi yake, na hewa hiyo ndiyo inayoichakaza bia. Siku ya kwanza ni nzuri, siku ya pili mara nyingi ni nzuri zaidi, siku ya tatu bado inauzika kwa heshima, na baada ya hapo huanza kuchachuka na kupwaya. Ni kama maziwa ya asubuhi yanayotoka Hai kuja sokoni: thamani yake yote imo katika siku chache, na uzembe wa mtu mmoja njiani hauwezi kurekebishwa na mwingine mbele. Ndiyo maana nasema mwenye baa ni mtengenezaji wa pili wa bia hii. Kiwanda hufanya nusu ya kazi, naye hufanya nusu iliyobaki, ile ambayo mnywaji huionja.

Tuangalie sasa Uingereza, kwa kuwa huko ndiko mtindo huu ulikozeeka, ukakaribia kufa, kisha ukafufuka. Katika miaka ya 1960 kampuni kubwa sita zilikuwa zimenunua viwanda vingi vya miji na kumiliki maelfu ya baa, na zikaona kwamba bia ya pipa inawasumbua, kwa kuwa haikubali haraka wala haivumilii mtumishi asiyejua kazi. Zikaleta bia ya kegi, iliyochujwa, iliyopashwa moto na kusukumwa kwa gesi, bia ambayo ladha yake haibadiliki hata muuzaji awe nani. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizo nchini Ireland walianzisha kampeni ya kuipinga hali hiyo, kampeni ambayo dunia inaifahamu kwa jina la CAMRA. Ninachokipenda katika kampeni hiyo ni kwamba hawakuwa watengenezaji. Walikuwa wanywaji, na walichokidai ni baa zinazouza bia iliyotunzwa vizuri. Kazi yao kubwa tangu miaka ya mwanzo ilikuwa kutembelea baa, kuonja, na kuchapisha majina ya zile zinazostahili. Walielewa kwamba ukiokoa chumba cha mapipa, kiwanda kitapata mahali pa kupeleka bia.

Mwaka 1978 Peter Austin, mtengenezaji bia mwenye uzoefu aliyewahi kusimamia utengenezaji katika kiwanda kikubwa mjini Hull, alianzisha kiwanda kidogo katika mji wa Ringwood, kusini mwa Uingereza. Wengi wa watu wa kizazi chake cha viwanda vidogo walianza na vifaa vilivyotumika, yakiwamo matangi ya zamani ya maziwa, na waliweza kwa sababu bia ya pipa haidai mtambo wa kujaza chupa, wala wa kupasha moto, wala matangi ya kulaza bia kwa miezi. Ulihitaji sufuria kubwa, tangi la kuchachushia, mapipa, gari moja na wateja wa karibu. Bia yake iitwayo Old Thumper ilitangazwa kuwa bingwa wa Uingereza mwaka 1988. Alisaidia kujenga viwanda vidogo zaidi ya mia moja, nchini mwake na ng'ambo, na wengi humtaja kuwa baba wa viwanda vidogo vya bia. Alipofariki mwanzoni mwa mwaka 2014, viwanda vya namna hiyo vilikuwa vimeenea Uingereza yote.

Lakini fuateni habari za kiwanda chenyewe. Kilikua, kikahamia jengo kubwa zaidi, mwaka 2007 kikanunuliwa na kampuni kubwa ya Marston's, na mwanzoni mwa mwaka 2024 wamiliki wapya wakakifunga. Kuna watakaosema kwamba huo ndio mwendo wa biashara, na kwamba aliyeuza alipata fedha yake. Mimi naona kwamba kiwanda cha bia ya pipa kikishapimwa kwa hesabu za kampuni iliyo mbali na wanywaji wake, sababu ya kuwapo kwake hupungua, kwa kuwa bia hiyo inaweza kupikwa popote na jina likabaki.

Ufufuo wa viwanda vile haukuletwa na ladha pekee. Ulisaidiwa na sheria mbili ambazo viongozi wetu waliomo humu wangefaa kuzichunguza. Ya kwanza ilitoka mwaka 1989. Baa nyingi za Uingereza zilikuwa mali ya kampuni za bia, na mpangaji alilazimika kuuza bia za mwenye nyumba peke yake. Serikali ikaamua kwamba wapangaji wa kampuni zenye baa zaidi ya 2,000 waruhusiwe kununua angalau bia moja ya pipa kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Kwa uamuzi huo mmoja, kiwanda kidogo kilipata koki moja katika baa ambayo jana yake kilikuwa kinapita nje. Ya pili ilikuja mwaka 2002, iliposhushwa nusu ya ushuru kwa kiwanda kinachotengeneza hadi hektolita 5,000 kwa mwaka, yaani lita 500,000. Wakati huo Uingereza ilikuwa na viwanda kama mia tano. Miaka 20 baadaye vilikuwa vimepita 1,500, ijapokuwa gharama za nishati na miaka ya maradhi ya korona zimevifunga vingi tangu hapo. Mpangilio wa ushuru ulibadilishwa tena mwaka 2023, ila kanuni ya kumtoza mdogo kidogo imebaki.

Kwetu ushuru wa bidhaa kwa bia hutozwa kwa lita, na kiwango cha chini kimewekwa kwa bia ya nafaka za nchini ambazo hazijameshwa. Nia yake ni njema, kwa sababu humnufaisha mkulima. Hata hivyo mtengenezaji mdogo wa eli anatumia kimea, kwa hiyo nafuu hiyo inampita, naye hulipa kwa lita sawa na kiwanda chenye uwezo mara elfu wa wake. Hukutana pia na stempu za kodi za kielektroniki, leseni ya vileo, usajili na ukaguzi wa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula na vinywaji. Sipingi hata kimoja katika hivyo. Mnywaji ana haki ya kujua kwamba kilichomo kwenye glasi ni salama. Ombi langu kwa Wizara ya Fedha ni moja: ukubwa wa kiwanda uangaliwe katika kupanga ushuru, na nafuu ipungue kadiri kiwanda kinavyokua.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa maana hapa ndipo vijana wengi huvutiwa na tangi la kung'aa kabla ya kuuliza nani atakunywa.

Tuchukue kiwanda kinachopika lita 1,000 kwa wiki. Pipa la kawaida la Waingereza, ambalo wao huliita fakini, hubeba lita 41 hivi, kwa hiyo mpiko mmoja ni mapipa 24. Ukiondoa masimbi yanayobaki chini, pipa moja hutoa glasi 78 hivi za nusu lita. Glasi hizo zinatakiwa zinywewe ndani ya siku tatu, maana yake ni glasi 26 kila siku, za bia hiyo moja, katika baa hiyo moja. Baa yenye uwezo huo inaweza kupokea mapipa mawili kwa wiki, moja la katikati na moja la Ijumaa. Basi unahitaji baa 12 za namna hiyo ili umalize mpiko mmoja. Jiulizeni ni baa ngapi za Moshi mjini zitakazouza glasi 26 kwa siku za bia isiyofahamika, yenye povu dogo, isiyo ya barafu. Mwanzoni ni chache mno. Na mwenye baa ambaye hawezi kufikisha idadi hiyo hatamwaga bia. Atauza ya siku ya nne, ya tano na ya sita, na mnywaji atakayeionja siku hiyo ataamini kwamba bia ya pipa ni bia mbovu, wala hatarudi.

Kwa sababu hiyo nawashauri mwanze na mapipa madogo, ya nusu ya ukubwa ule, yaani lita 20 na kidogo. Akina mama wapika mbege watanielewa haraka, kwani ni kipimo cha ndoo, na ndoo ya lita 20 imekuwa kipimo cha biashara ya pombe katika vilabu vyetu miaka yote. Pipa la lita 20 humalizika kwa glasi 13 kwa siku, na hiyo ni idadi ambayo baa ya wastani yenye nyama choma na mtori inaweza kuifikia. Gharama ya mapipa kwa kila lita itapanda, na kuosha mapipa 48 badala ya 24 ni kazi. Nalikubali hilo, na bado ningechagua hivyo, kwa kuwa kila pipa linaloisha likiwa zuri linakutengenezea mteja.

Kuhusu joto la bia tuna bahati ambayo hatujaitumia. Katika baa zetu mhudumu huuliza kwanza: ya baridi au ya moto? Swali hilo linamaanisha kwamba wapo wanywaji, hasa wazee wetu wa huku mlimani, ambao hawajawahi kuamini kwamba bia lazima iwe ya barafu. Bia ya nyuzi 12 haitamshangaza mzee anayekunywa ya moto, na yule anayetaka ya baridi ataikubali iwapo ataelezwa kwamba ubaridi uliozidi huzima ladha. Tatizo ni kuupata huo ubaridi wa nyuzi 12 na kuushikilia usiku na mchana. Arusha, iliyo kwenye mita kama 1,400, ina usiku wa baridi mwezi Juni na Julai, na chumba chenye kuta nene kinachofunguliwa usiku na kufungwa mchana hufanya nusu ya kazi. Moshi mjini, chini ya mita 900, kuna joto kali mwezi wa Februari, na hapo hapana njia ya mkato: chumba kiwekewe mashine ya kupoza, au pipa lizungushiwe mrija wa maji baridi na kufunikwa. Waingereza wenyewe, kwenye maonyesho ya bia ya kiangazi, hufunika mapipa kwa vitambaa vilivyoloweshwa ili maji yanapokauka yachukue joto, na gunia lenye maji katika hewa kavu ya Januari hufanya kazi hiyo hiyo. Litasaidia umeme ukikatika kwa saa chache. Halitoshi kuwa mpango wa kila siku.

Niseme neno kwa ndugu wa Arusha kuhusu maji. Chemchemi na visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru vina madini ya floraidi kuzidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na sote tumeona meno ya watoto wa maeneo hayo. Kuchemsha hakuyaondoi. Kwa kuwa mtengenezaji wa bia huchemsha kwa saa nzima au zaidi na kupoteza sehemu ya maji kwa mvuke, madini hayo huongezeka katika yale yanayobaki. Kwa hiyo kabla ya kununua hata kilo moja ya kimea, peleka maji yako maabara, na ikibidi yachujwe kwa mkaa wa mifupa au kwa mtambo wa kisasa. Baada ya hapo ndipo unaweza kufikiria chumvi za ladha. Mji wa Burton, huko Uingereza, ulipata jina katika bia kwa sababu maji yake yana jasi nyingi inayokoleza uchungu wa hopsi. Jasi hiyo inaweza kuongezwa kwa kipimo katika maji laini, wakati floraidi ni lazima itolewe.

Malighafi nitaipitia upesi. Kimea cha shayiri kwa kiwanda kidogo kwa sasa hununuliwa kwa bei ngumu, na ushirika wa wakulima ungeweza kufikiria umeshaji mdogo. Hopsi hazistawi kwetu kwa sababu mmea huo unahitaji mchana mrefu wa kiangazi cha nchi za mbali na ikweta, hivyo zitaagizwa. Ulezi tunao, na miongoni mwa nafaka za aina yake unasifika kwa kimea chenye nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari, jambo ambalo wapika mbege wamelitumia kwa vizazi. Eli yenye sehemu ya kimea cha ulezi ingekuwa na asili ya hapa. Gome la msesewe, linaloipa mbege uchungu wake, lina kemikali zenye nguvu za kitabibu, na sitamshauri mtu yeyote aliweke katika bia ya kuuza kabla maabara haijapima kiasi na TBS kuridhia.

Akina mama, sasa nawageukia ninyi, na nasema haya kwa heshima kubwa. Wakati tunawafundisha vijana wetu habari za bia hai isiyochujwa, inayoendelea kuchachuka ndani ya chombo, inayouzwa karibu na ilipopikwa na yenye siku chache tu za uzuri wake, tunawafundisha jambo mnalolifanya kila wiki. Mpika mbege wa Kibosho anajua kilabu kipi kitamaliza ndoo tatu na kipi kitamaliza moja. Anajua lini kuna msiba au harusi. Anapika kwa kadiri ya wanywaji, wala hamkopeshi mwenye kilabu anayeacha pombe juani. Maarifa hayo ya kupima soko kwa macho na masikio ndiyo yanayokosekana katika michanganuo mingi ya biashara ninayoletewa. Kijana mwenye fedha ya mkopo na tangi jipya angefanya vizuri kumwajiri mmoja wenu awe msimamizi wa mauzo, kwa mshahara wa msimamizi. Arusha tayari imetuonyesha kwamba ndizi inaweza kuingia kiwandani, kwani Banana Investments ilianza miaka ya 1990 kutengeneza kinywaji cha ndizi na kukifikisha kwenye maduka. Njia ile ilikuwa ya chupa. Ya pipa bado iko wazi.

Wapo wanaonishauri nisisitize watalii. Ni kweli wapanda mlima wanaoshuka hapa Moshi wana kiu na wana fedha, na wengi wao wanaifahamu bia ya pipa kutoka kwao. Lakini masika yanapofika, Aprili na Mei, hoteli hupungukiwa na wageni, na bia iliyo hai haiwezi kuwangoja hadi Juni. Kiwanda kilichojengwa juu ya wageni kitasimama miezi miwili kila mwaka, na hamira yake itazeeka. Mteja wa kujenga naye ni mwalimu, fundi, dereva na mfanyabiashara wa sokoni anayekaa baa ile ile kila Ijumaa. Kwake bia hii ina faida nyingine: nyingi huwa na kilevi cha asilimia 3.5 hadi 4.5, na zimekusudiwa mtu anayetaka kukaa na wenzake, kuzungumza, na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Nitafurahi tukiulinda wepesi huo. Katika mkoa ambao pombe kali imeumiza familia nyingi, mtengenezaji mdogo anayeshindana kwa ukali wa kilevi atakuwa ameacha kazi aliyoianza.

Kwa hiyo, kijana mwenye mtaji wa kununua matangi mawili, nakushauri ununue moja. Fedha ya la pili itumie kwa baa nne ulizozichagua mwenyewe, zilizo ndani ya mwendo wa saa moja kutoka kiwandani. Zitengenezee chumba cha mapipa au kabati la kupoza. Mchukue mhudumu mmoja kutoka kila baa, akae kiwandani wiki mbili, apike nawe, aoshe mapipa, apige koki, aharibu pipa moja kwa makusudi ili ajue ladha ya bia iliyokufa. Mpe ruhusa ya kurudisha pipa lisilomridhisha bila kubishana naye, na ulilipie. Nenda mwenyewe kila wiki, uonje siku ya tatu badala ya siku ya kwanza. Baa hizo nne zikishamaliza mapipa yao kwa wakati kwa miezi mitatu mfululizo, tafuta ya tano. Tangi la pili litakuja lenyewe kwa kuwa baa ndizo zitakazokuwa zinakudai bia.

Nanyi wenye baa, nawaomba msikubali pipa la mtu yeyote kabla hajawafundisha kulitunza na kabla hamjakubaliana kwa maandishi nani atabeba hasara ya bia isiyouzika. Koki yenu ina thamani kubwa kwa mtengenezaji mdogo kuliko mnavyodhani, na mnayo haki ya kudai masharti.

Nimeleta mapipa mawili ya lita 20, yote matupu, pamoja na koki, vijiti na nyundo, ili tufanye zoezi la kupigilia hapo nje baada ya mkutano. Kabla ya hapo nitapokea maswali, na ningependa yaanze kwa wenye baa.